Alama Nyekundu Kwenye Ukuta wa Mzee Kaijage

Herufi ya kwanza mwanangu Annastella kuijua haikuwa A. Ilikuwa X, kwa sababu ndiyo iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jirani yetu, marehemu Mzee Kaijage. Waliichora wakaguzi baada ya tetemeko la 2016, kwamba nyumba haifai, ibomolewe. Mzee akaendelea kuishi humohumo mpaka alipofariki. Sasa ni mwaka wa tatu haina mtu, na ukuta wa ubavuni umeinamia njia ya kwenda bombani, hatua sita tu kutoka mlangoni kwangu. Kila mvua ikipita, unazidi kulala.

Kubomoa si kazi. Vijana wa kijiji wangemaliza asubuhi moja. Kinachokosekana ni sahihi ya mwenye nyumba, na Mzee aliacha watoto wawili wasiosalimiana: Lameki, mnunuzi wa kahawa Bukoba mjini, na Josia, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire. Ukoo haujaamua mrithi ni nani. Atakayesaini ataonamekana amekitwaa kibanja, shamba lote la urithi, pamoja na kaburi la baba yao lililo migombani.

Mume wangu, Dastan, aliwahi kuuegemeza ule ukuta kwa magogo mawili ya mkaratusi. Kesho yake Josia akapiga simu. "Nasikia umekuwa fundi wa Lameki siku hizi." Dastan akayaondoa magogo yake.

Ndipo nikaona niandike barua mimi. Darasa la jioni la watu wazima limenifundisha: anwani juu kulia, YAH kwa herufi kubwa, ombi, sahihi. Chini nikachora mistari miwili, Josia kisha Lameki, kwa kufuata alfabeti.

Lameki aliisoma akiwa amesimama kati ya magunia yake. "Umeandika vizuri, shemeji. Ila mimi ndiye mkubwa. Nikae chini ya Josia?"

Nikaandika nyingine, Lameki juu. Josia nilimpata Muleba, amevuka kuleta dagaa. Akacheka mpaka wenzake wakageuka. "Chukua kalamu yako, shemeji. Nikisaini hapo nimekuwa shahidi wake."

Basi nikaandika mbili. Maneno yaleyale, kila mmoja na yake, peke yake kwenye ukurasa. Ilinichukua wiki tatu kuwafuata, lakini wote wawili walisaini. Siku ya kuzipeleka nilimwacha Annastella kwa jirani yetu, bibi Georgina, nikaenda ofisi ya kijiji karibu nikiimba.

Mtendaji wetu, Privatus, alizisoma zote mbili, akazipanga mezani.

"Mama Annastella, mwandiko wako unaupita wangu."

"Asante, mtendaji."

"Sasa hii inasema mwenye nyumba ni Lameki. Na hii inasema ni Josia."

"Lakini wote wanakubali ibomolewe."

"Nimeona. Nikibomoa kwa hii, yule ananipeleka baraza la ardhi. Nikibomoa kwa ile, huyu ananipeleka. Walete muhtasari wa kikao cha ukoo, unaomtaja mmoja."

"Ukoo una miaka mitatu haujakaa. Na ukuta ukianguka kabla?"

Aliangalia dirishani. "Watoto wapite upande wa pili."

"Upande wa pili ni kaburi. Wamezungushia seng'enge."

Akazikunja barua zangu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Na mimi nina watoto, mama. Usidhani sioni."

Nikazitia barua mkobani, nikarudi kumchukua mwanangu.

Nilimkuta bibi Georgina akimenya ndizi. "Alikuwa hapa sasa hivi," alisema, akaanza kuita. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikaomba radhi baadaye. Nilikuwa nimemwona Anna. Alikuwa chini ya ukuta, na kipande cha mkaa, amejaza X tatu chini ya ile nyekundu, anachora ya nne. Nikipiga kelele atakimbia, na akikimbia ataushika ukuta kama anavyoushika kila siku.

"Anna," nikasema polepole. "Njoo tuandike nyumbani. Nina karatasi."

"Nimalizie hii."

"Utaimalizia kwenye karatasi, mwanangu. Ni nyeupe."

Akafikiri. Akaja. Nilimpokea, nikakaa naye palepale kwenye majani.

Nimekisogeza kitanda chake upande wa mbali na njia. Maji nayachota mwenyewe, naye namfungia ndani mpaka nirudi. Ndicho ninachoweza. Zile barua zimelala mezani, nyuma hazijaandikwa kitu, nami nilikuwa nimemwahidi karatasi. Nikampa ya Lameki, ya Josia nikaibakiza kwa ajili ya kuandika kwa ukoo.

"Andika A," nikamwambia. "A ya Anna."

Nje tofali lilidondoka njiani. Akainua kichwa, akasikiliza, kisha akainama akaandika X.