Chini ya Mgongo wa Nyati

Kwenye kila mdomo wa Pango la Popo kuna mstari mwekundu uliopakwa rangi mwambani. Maji yakiugusa, hakuna mtumbwi unaoingia. Sheria hiyo tuliiweka wenyewe, sisi wanawake wapiga makasia, baada ya kumzika mwenzetu. Siku ile ya mwezi wa nane nilipoingia na abiria wangu wawili, maji yalikuwa shubiri mbili chini ya mstari, na mvua ilikuwa bado iko mbali, juu ya milima ya magharibi.

Abiria walikuwa mama na mwanawe. Mama Khuyen alikuwa na miaka sabini na tisa, mwembamba kama ufito. Wakati wa vita, mabomu yakianguka, mumewe alifichwa katika hekalu lililo nyuma ya pango, akauguzwa jeraha la paja kwa miezi minne. Sasa mume alikuwa amefariki, naye alitaka kumchomea ubani palepale. Mwanawe, Quyet, alikuwa msimamizi katika kiwanda cha viatu mjini, mtu wa kutazama saa kila mara.

"Dada, unapiga makasia kwa miguu kwa sababu mikono imechoka, au ni maringo tu?" aliniuliza, akiitazama miguu yangu ikisukuma makasia kama ilivyo desturi yetu.

"Mikono naiweka akiba ya kuwafinya abiria wasumbufu."

Mama yake alicheka hadi akakohoa.

Hekalu liko bondeni, na milima ya chokaa imelizunguka pande zote, imesimama wima kama kuta. Kwa mtu wa kawaida, njia ni pango tu. Mama Khuyen alikaa mbele ya madhabahu muda mrefu, na mvua ikatukuta hapo. Ningepaswa kumharakisha. Lakini nilimsikia akimweleza marehemu habari za wajukuu, nani kaoa, nani kafeli mtihani, nikaona haya kumkatiza. Kosa hilo ni langu.

Alipojaribu kuinuka, alishika kifua akaketi tena. Uso ukamtoka jasho.

"Mama, vidonge viko wapi?" Quyet alimpekua mfuko.

"Kwenye gari," alisema mama polepole. "Kwenye kikapu cha machungwa."

Gari lilikuwa gatini, ng'ambo ya pango. Simu haishiki bondeni. Mzee Kham, mtunza hekalu, alisema angeweza kupanda ujia wa mbuzi akavifuate, ila kwa mvua ile angerudi giza limeshaingia. Nilikimbia hadi kwenye mdomo wa pango upande wetu nikatazama. Mstari ulikuwa umeshamezwa. Kati ya maji na mwamba palibaki nafasi kama kimo cha mbwa aliyelala.

Quyet alinifuata nyuma, viatu vyake vya ngozi vikichuruzika maji.

"Twende."

"Hapapitiki, kaka."

"Mama yangu anakufa, nawe unanishikia habari za rangi?"

"Mwenzetu aliyefia humu aliacha watoto watatu. Ile rangi ni yeye."

Nilidhani angenipiga, au angelia. Akageuka. Tulirudi hekaluni, tukamkuta Mama Khuyen amelazwa kwenye mkeka, midomo imeanza kuwa ya samawati. Alikuwa ameshayaona yote usoni mwangu.

"Mwanangu Thoa," akasema, "ungekuwa peke yako, ungepita?"

"Peke yangu, nimelala chali, labda."

"Basi nilaze na mimi chali. Nikibaki hapa nakufa huku mnanitazama. Sipendi kutazamwa."

Niliwaza. Mtumbwi wa bati ukiwa mwepesi huelea juu. Ukiwa mzito hukaa chini. Nikamwomba Mzee Kham mawe ya ukuta wa kale ulioanguka.

"Mawe ya wafalme hayo," alisema.

"Wafalme wamekwisha kufa, baba. Huyu bado."

Akainama akabeba la kwanza yeye mwenyewe.

Tulipakia mpaka ukingo wa mtumbwi ukabaki vidole vinne juu ya maji. Mama tulimlaza katikati, Quyet mbele na kurunzi, mimi nyuma. Makasia niliyaacha. Nililala chali, nikainua miguu, nyayo zikagusa dari ya pango. Mkondo ulikuwa unaelekea nje, ukatuvuta. Kazi yangu ilikuwa kuuzuia mtumbwi usikimbie, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea juu chini. Mwamba ulinikata nyayo tangu mwanzo.

"Mama, unanisikia?" Quyet aliita.

"Nakusikia. Usipige kelele, popo wamelala."

Katikati ya pango dari hushuka. Pale tunapaita Mgongo wa Nyati. Siku za kawaida abiria huinamisha kichwa tu na kucheka. Siku ile nilisikia bati likikwaruza jiwe, kisha mtumbwi ukasimama. Maji yakaanza kujikusanya nyuma yangu, yakinirukia shingoni.

"Tumekwama," Quyet alisema. Pumzi zake zilijaa pango zima. "Tumekwama, dada. Rudisha nyuma."

"Mkondo hauturuhusu kurudi. Sikiliza. Chukua kata ya kukumbia maji, utie maji ndani."

"Ndani?"

"Tuuzamishe kidogo. Kata kumi, si zaidi."

"Mama yuko chini hapa. Utamzamisha mama."

"Quyet," Mama Khuyen alisema, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto kula. "Nimekuogesha miaka sita. Nioshe na wewe mara moja."

Nikasikia kata ya kwanza ikimwagika. Ya pili. Alikuwa akizihesabu kwa sauti. Kwenye ya nane bati likalia. Nilikaza magoti, nikasukuma dari kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na kitu kikakatika kwenye kisigino changu. Kwenye ya tisa tukateleza. Jiwe lilinipita puani karibu kiasi kwamba nilinusa chokaa yake.

Mwanga ukaonekana. Tulitoka nje mvuani, maji ndani ya mtumbwi yakimfika Mama Khuyen masikioni, macho yake wazi. Quyet aliruka majini kabla ya gati, akaogelea, akakimbilia gari. Alimwekea mama kidonge chini ya ulimi kwa vidole vyenye tope. Wenzangu waliokuwa gatini wakamwinua mama na mkeka wake, gari likaondoka.

Siku ya tatu wapiga makasia tulikutana. Walipiga kura ninyang'anywe zamu kwa miezi miwili, kwa kuvuka mstari. Nami nilinyoosha mkono kukubali. Ingekuwa mwingine, ningemnyang'anya.

Kisigino kilipoanza kupona nilikwenda hospitali ya wilaya, nimechukua ukoko wa wali wa kukaanga, ule wa kwetu. Mama Khuyen alikuwa ameketi kitandani, Quyet anamchana nywele, hana saa mkononi.

Mama alifungua kifurushi, akachungulia ndani.

"Thoa," alisema, "unaniletea ukoko, mimi mwenye meno manne?"

"Loweka kwenye mchuzi, mama."

"Mchuzi wa hospitali hii? Bora pango."

Quyet aliinuka, akanipisha kiti, akatoka kwenda kututafutia mchuzi ulio bora.