Rili ya Joha

Cecilia alipohamia Iringa kikazi, alimwachia rafiki yake Joha fimbo ya kuvulia kwa inzi wa bandia, yaani vindoano vidogo vilivyofungwa manyoya. Rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilikuwa imevunjika zamani.

"Tafuta nyingine," alimwambia. "Bwawa la Hombolo si mbali. Utanishukuru."

Kazi ya Joha ilikuwa kunakili maneno ya wabunge neno kwa neno, na vikao vya bajeti vilikuwa vimemwacha na masikio yanayovuma. Jumamosi moja ya Agosti akatoka nyumbani kwake Area D na fimbo yake, akaenda mjini kwa Mzee Bushiri, ambaye huwauzia wavuvi wa Mtera nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nayo ni antena?"

Joha alieleza anachotafuta. Rili za namna ile mzee alikuwa nazo mbili tu. Zilimjia ndani ya shehena kutoka Dar, hajui za nini. Moja ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama bangili ya bi harusi. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi, haina makuu.

"Chukua hii ya dhahabu," mzee alisema. "Samaki akiiona anajisalimisha mwenyewe."

Joha naye alikuwa ameshaipenda. Hata hivyo akampigia Cecilia simu.

"Usichague kwa macho," Cecilia alimwonya. "Namba ya rili ilingane na ya fimbo. Isikuchoshe mkono. Na breki yake iwe laini, isishtuke."

Fimbo ilikuwa namba tano. Nyeusi tano, ya dhahabu nane.

"Namba ni namba tu," mzee alijitetea.

"Hata ya kiatu, mzee?"

Mzee akacheka, lakini hakukubali kushindwa. Walifunga ile ya dhahabu kwenye fimbo, mzee akashika mshipi na kuuvuta. Rili ikakwama. Akavuta kwa nguvu, ikaachia ghafla, naye akaangukia kinyumenyume kwenye rundo la nyavu, kofia upande wake na yeye upande wake.

"Lete hiyo nyeusi," alisema kutoka chini.

Waliijaribu nje, penye nafasi. Mwisho wa mshipi Joha alifunga uzi wa sufu badala ya ndoano, akarusha kama Cecilia alivyomfundisha. Uzi ukapaa vizuri, ukatua juu ya bajaji iliyokuwa ikipita, ukanasa kwenye turubai. Bajaji ikaondoka nao. Rili ikaanza kulia, kre-kre-kre, mshipi ukitoka.

"Kaza breki!" mzee alipiga kelele.

"Nikikaza utakatika!"

Joha aligusa ukingo wa rili kwa kiganja, taratibu, huku akikimbia nyuma ya bajaji na watu wakishangilia. Mshipi ulitoka bila kushtuka hata mara moja. Dereva, kijana aitwaye Meshack, akasikia kelele na kusimama.

"Dada, umenivua mimi?"

"Huyo hatoshi kwenye kikaango," alisema Mzee Bushiri akihema. "Mwachie!"

Joha akanunua ile nyeusi.

Kesho yake walikwenda Hombolo pamoja, mzee akitaka kuona mwenyewe. Asubuhi yote ndoano ya Joha haikunasa ila miiba na mtandio wake mwenyewe. Kisha inzi akazama, mshipi ukakaza, na rili ikalia. Joha alimwachia samaki akimbie, akakunja, akamwachia tena, hadi perege mwenye upana wa kiganja akalala kwenye nyasi miguuni pake, akimeta.

Joha aliruka akipiga vigelegele, yeye na utu uzima wake.

"Hebu nami," mzee alisema, akiishika fimbo kwa mikono miwili.

Alirusha, akakosa. Akarusha tena. Joha alikaa chini na fungu la zabibu walizonunua njiani, akila moja moja, akisubiri zamu yake. Haikuonekana kama ilikuwa karibu.