Leseni Iliyoishia Darajani

Mto unaotenganisha majimbo yetu mawili si mto wa kutisha. Mbwa wetu huogelea akavuka na kurudi. Lakini mke wangu Loretta, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa zaidi ya miaka ishirini upande wa kule, alipovuka daraja tu alikoma kuwa mwalimu, kwani kila jimbo hutoa leseni yake ya ualimu. Tulihamia huku kwa sababu mama yake alianguka akavunjika nyonga, naye hana mtoto mwingine.

Shule ya mtaani haikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu, Faye Dunlap, alikuja mwenyewe nyumbani na bakuli la makaroni ya jibini, akabembeleza.

"Loretta, dada yangu, darasa ni lako. Nipatie leseni ya jimbo letu kabla shule hazijafunguliwa. La sivyo itabidi nimpe Travis Oakley."

"Travis yupi? Yule muuza mabwawa ya kuogelea?"

"Huyo huyo. Ana digrii."

Loretta akaomba leseni yake ihamishwe, na kiangazi kizima ofisi ya jimbo ikamzungusha. Mara alama za vidole, mara alama za vidole tena kwa kuwa zile za kwanza zilichukuliwa ng'ambo ya mto. Mwishowe wakataka saini ya mwalimu aliyemsimamia mazoezi ya kufundisha enzi za chuo. Mwalimu huyo alishakufa, na chuo chenyewe siku hizi ni ghala la magodoro. Mimi ni fundi wa matrekta. Injini nikiifungua kule au huku, ni ile ile. Mtoto wa miaka sita naye ni yule yule, na ilinichoma roho kuona watu wazima hawalielewi hilo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa tukaenda wenyewe hadi mji mkuu wa jimbo. Dirishani tulimkuta binti mpole, beji yake imeandikwa Kaylee.

"Mama, bila saini ile itabidi urudie mazoezi," alisema. "Muhula mzima, bila mshahara."

"Na Travis je, mmempa ruhusa vipi?" nikadakia.

"Huyo ana kibali cha dharura, bwana. Walimu ni haba mno."

"Basi mpe na huyu!"

"Haiwezekani. Kibali ni cha wasio na leseni. Yeye anayo."

"Si mmeikataa?"

"Huku ndiyo, lakini kule bado ni hai. Sheria inasema mwombaji asiwe na leseni ya jimbo lolote."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilipiga kaunta ngumi, mlinzi akanikodolea macho.

Loretta akauliza taratibu, "Nikiifuta ile ya kule?"

Kaylee akatazama kompyuta yake. "Utapata kibali leo leo, mama. Ila leseni ikishafutwa hairudi."

Nikamvuta kando. "Usithubutu! Hilo ni jasho lako. Utaanza na mshahara wa mtoto aliyetoka chuo jana!"

"Earl, nisikilize. Mtoto asipojua kusoma darasa la kwanza, akifika la tatu ameshajiona mjinga. Nimewaona wangapi? Sitamwachia Travis watoto wa watu ili nibaki na karatasi."

Akaketi kwenye kompyuta ya wageni pale ukumbini, akaifuta leseni yake. Mimi sikuweza kutazama.

Kaylee akachapa kibali. Penye uzoefu wa kazi paliandikwa sifuri. Akamkabidhi Loretta huku akitabasamu kwa moyo mweupe kabisa.

"Hongera, mama! Usiogope. Wiki ya kwanza huwa ngumu kwa kila anayeanza kazi hii."

"Asante, mwanangu," Loretta akajibu. "Nitajitahidi."

Mimi nikatoka nje, nisije nikamtukana mtoto wa mtu.