Ini Lisilo na Nyongo

Mwalimu Pruitt aliziweka karatasi mbili mezani bega kwa bega, akazinyoosha pembe kwa kidole, kisha akamwambia Tessa Stidham azitazame bila haraka.

Swali la saba lilikuwa hili: chora ini la binadamu na vyote vilivyoshikamana nalo, uandike majina. Karatasi ya kulia ilikuwa ya Tessa. Ya kushoto ilikuwa ya Orville Napier, mtu wa miaka arobaini na tatu aliyetoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe yalipofungwa, na ambaye tangu Agosti alikaa naye meza moja. Maini yote mawili yalikuwa bapa na laini, kama andazi lililokaliwa. Na yote mawili hayakuwa na nyongo.

"Wanafunzi thelathini na mmoja," alisema mwalimu. "Ishirini na tisa wamechora nyongo, hata wale wasiojua moyo uko upande gani. Wawili hawakuchora. Na hao wawili wanagusana viwiko."

Tessa akasema hakumtazama mtu. Mwalimu akajibu kwamba Orville naye alisema hivyohivyo saa moja iliyopita. Angesubiri mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi. Asipoambiwa nani alimwangalizia mwenzake, taarifa ingekwenda kwa mkuu wa chuo na majina yote mawili.

Tessa hakuhitaji kuelezwa maana yake. Sekondari alimaliza na D tatu, hesabu alirudia, na chuo kikuu kilimkataa kwa barua ya mistari minne. Chuo hiki cha jamii, kilichobanwa kati ya duka la matairi na kanisa la Wabaptisti, hupokea kila mtu, na kwake ndicho kilikuwa mlango pekee uliobaki: miaka miwili hapa, ahamie chuo kikuu, kisha udaktari. Habari za udaktari aliwaambia watu wawili tu, Mwalimu Pruitt mmojawapo, na yule mwingine alicheka. Shule za udaktari huweza kusamehe D za zamani. Lakini fomu zao huuliza kama uliwahi kushikwa ukidanganya kwenye mtihani, na hapo hakuna pa kujificha.

Alirudi nyumbani akiwaza jina moja. Orville. Mbona siku ya kwanza alihama kutoka nyuma, na viti vilikuwa tele, akaja kukaa upande wake wa kulia? Mbona kila Jumatano humletea kipande cha mkate wa tufaha uliofungwa kwa kitambaa, na kila Jumatano huomba kuona daftari lake? Mbona huinamisha kichwa upande wake, kama kuku anayesikiliza? Mambo aliyoyaona ya upole miezi mitatu, sasa kila moja lilikuwa na mkia wa hila. Ijumaa jioni aliketi akaandika barua kwa mwalimu. Aliandika mkate wa tufaha ndani yake pia.

Jumamosi asubuhi Mjomba Clell alileta kulungu, wa kwanza msimu ule wa uwindaji, wakamning'iniza kwenye boriti ya banda kwa miguu ya nyuma. Bibi yake, Mamaw Verna, ndiye aliyemlea Tessa, na kazi hii alimfundisha akiwa na miaka tisa. Tessa alikunja mikono ya shati, akapasua tumbo taratibu kwa kisu kifupi, utumbo ukashuka kwenye beseni, kisha akaingiza mikono yote miwili kulitafuta ini. Lilitoka zima, la moto, likiteleza. Alilizungusha viganjani kama alivyolizungusha kila Novemba.

"Lete hapa upesi," alisema Mamaw, vitunguu vimeshakatwa. "Uzuri wa huyu ni kwamba hana uchungu wa kukuharibia. Angekuwa nguruwe ningekwambia uangalie usipasue nyongo."

Tessa akasimama na ini mkononi mpaka damu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko. Hakuwa amelichora ini la kitabuni. Alikuwa amelichora hili la kulungu, lisilo na nyongo.

Lakini Orville je? Shaka haikumtoka. Aliosha mikono, akaendesha gari hadi kwake, ng'ambo ya kijito. Alimkuta nyuma ya nyumba na kulungu wake, ini likiwa kwenye beseni, damu mpaka kwenye mabega.

"Umekuja kunitaka nikiri?" Orville aliuliza bila kugeuka. "Maana barua yangu iko mezani, mwanangu, na jina lako liko mstari wa kwanza."

Tessa akamwambia hata yeye anayo barua. Orville akacheka kidogo, cheko la upande mmoja wa mdomo. Tessa akamuuliza mbona alihamia kando yake. Orville akagonga sikio lake la kulia kwa kifundo cha mkono na kusema mashine za chini ya ardhi zililiua. Humsikia vizuri yule tu aliyekaa kushoto kwake, na Tessa ndiye aliyeandika kila neno la mwalimu.

"Sasa geuza ini hilo," alisema Tessa. "Nionyeshe nyongo."

Orville alitazama ndani ya beseni. Akatazama tena; nyongo haikuwepo. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jumatatu saa tatu kasorobo walikuwa mlangoni, bila barua zao, na ini la kulungu likiwa ndani ya sanduku la barafu. Mwalimu Pruitt alikuwa mtu wa mjini. Nyama ya kulungu hakuwahi kuila, na walipomwambia kwamba kila mmoja alichora ini la kulungu, lisilo na nyongo, hakuwaamini. Alivaa glavu. Aliligeuza ini, akalishika kila ukingo akitafuta alama ya kisu, akatoa kioo cha kukuzia, akatafuta tena. Akafungua kitabu kinene cha wanyama, akasoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Hana," alisema hatimaye.

"Hana, mwalimu," alisema Orville.

Taarifa hakuichana. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Akawaambia itakaa humo mpaka mtihani wa mwisho, ambao kila mmoja ataufanyia kwenye pembe yake ya chumba. Swali la saba likabaki sifuri kwa wote wawili.

"Wewe ndiye unayetaka kuwapasua watu," alimwambia Tessa. "Watu wana nyongo, Stidham. Usiende kuitafuta kwa kubahatisha."

Desemba walikaa pembe kwa pembe, na mwalimu alitembea kati yao tangu mwanzo hadi mwisho, viatu vikigonga sakafu. Ini lilikuwa swali la pili. Tessa alibonyeza vidole chini ya mbavu zake za kulia, akavikandamiza mpaka akahisi pumzi. Kisha akachora nyongo kwanza, peke yake katikati ya karatasi nyeupe, na ndipo akaanza kulichora ini juu yake.