Kitabu Kisicho na Tuta

Mzee Leonard hakuuza kitabu cha kilimo ambacho hajakijaribu kwa mkono wake. Hilo lilijulikana stendi ya Msamvu, alikoweka meza yake chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, na lilijulikana zaidi Kilakala, alikokuwa na nyumba na kiwanja chenye matuta saba. Alikuwa amechonga vyuma kiwandani Mzinga kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alirudi nyumbani na tabia ya kupima. Kila kitabu kilipewa tuta lake. Alipanda kama kitabu kilivyoagiza, hakuongeza wala hakupunguza, kisha akaandika kwa penseli ndani ya jalada yale yaliyotokea: "Tuta la tatu. Bamia. Wiki ya tisa tumeanza kula. Mwandishi anapenda mno mbolea."

Ndiyo maana wateja wake walifunua jalada kwanza, kurasa baadaye.

Jumanne moja ya mwezi wa saba alikuwa na mwalimu Rahel, aliyetaka kuotesha mboga kwenye magunia barazani kwake.

"Hiki kina picha nzuri, mzee," alisema mwalimu, akiinua kimoja chenye jalada linalong'aa.

"Picha ni nzuri kweli. Ila aliyekiandika ana bomba lisilokatika. Kwenu maji yanatoka mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki, tukiwa na bahati."

"Basi chukua hiki kilichochakaa. Ukurasa wa arobaini kuna gunia lenye nguzo ya kokoto katikati. Mchicha wangu ulivumilia siku nne bila tone. Lakini kikikuambia mbegu tatu kila shimo, weka mbili."

Mwalimu akacheka. "Mzee, wewe unabishana na vitabu!"

"Sibishani. Tunazungumza tu."

Nyuma ya mwalimu alisimama Kristina, tenga la njegere likiwa bado kichwani. Alikuwa mkulima wa huko juu, milima ya Uluguru. Alishuka mjini kila Jumanne, na kitabu cha karoti alichokipata kwa Leonard kilikuwa kimemtoa kimasomaso hata mbele ya majirani waliomcheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tua mzigo kwanza, shingo haina spea."

Alitua. Hakuzungusha maneno. Alikuwa na miplamu minne iliyopandwa na marehemu mama yake. Enzi za mama ilizaa mpaka matawi yakaegemezwa kwa nguzo. Tangu mama afariki, miaka sita sasa, ilikuwa majani matupu. Na mjomba wake, Deogratias, alikuwa amesema: ikifika Krismasi bila matunda, miti ikatwe, pale papandwe kabichi.

Leonard alielewa. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba akisema pale shambani, amesema.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" aliuliza.

"Mimi nataka wanangu waonje plamu za bibi yao. Basi."

Leonard aliinama chini ya meza, akatoa kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa cha matunda ya nchi za baridi. Kristina alifunua jalada kama wateja wote, akaukuta ukurasa mweupe.

"Mbona hapa hujaandika?"

"Kilakala kuna joto. Nilipanda mche mmoja, ukafa baada ya miezi miwili. Siwezi kukisifu, siwezi kukitukana."

"Kwa hiyo hakina tuta."

"Hakina."

Kristina alikigeuzageuza mikononi. "Mimi tuta ninalo, mzee. Lakini nina msimu mmoja tu. Kikinipoteza, miti imekwenda."

Leonard alikipokea, akakifunga tena kwa kitambaa. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumpa mtu kitabu kwa kubahatisha, na hakutaka kuanzia na huyu.

"Alhamisi nitakuja nacho," alisema mwishoni. "Tukisome mbele ya miti yenyewe."

"Wewe uje? Na meza je?"

"Meza haina miguu ya kukimbia."

Alhamisi bodaboda ilimfikisha mwisho wa njia ya pikipiki. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, akisimama kila baada ya hatua hamsini, ambazo alizihesabu. Alipofika, ukungu ulikuwa unaachia ngazi za mashamba moja moja, na mjomba Deogratias alikuwa ameketi juu ya jiwe, akinoa panga.

"Kumbe daktari wa miti ndiye huyu! Karibu, mzee mwenzangu. Hicho kitabu chako kinazaa?"

"Bado sijui. Ndiyo maana nimekuja nacho."

Mjomba aliacha kunoa. "Angalau si mwongo," alimwambia Kristina.

Miplamu mitatu ilisimama misafi, matawi yake laini kama mipini ya majembe. Wa nne, ukingoni mwa shamba, ulikuwa kama kichwa kisichoona kitana.

"Huo usiutazame, mzee, naona aibu," alisema Kristina. "Mwaka jana nyuki waliweka makazi humo, nikaogopa kuugusa. Wamehama mwezi uliopita. Nitausafisha kesho."

"Unausafishaje?"

Kristina alichomoa kisu kidogo, akaonyesha. "Hivi vijiti vifupi vilivyokunjamana, vinavyofanana na vidole vya ajuza. Kila mwezi wa sita navitoa vyote. Mama alikuwa haviondoi, alikuwa na kazi nyingi. Mimi napenda mti msafi."

Leonard aliketi, akavaa miwani, akaanza kwenye orodha ya yaliyomo, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Huyu akimaliza, Krismasi itakuwa imeshapita," alinong'ona mjomba, kwa sauti ya kusikika.

Ukurasa wa sitini na nane kulikuwa na mchoro wa tawi. Juu ya tawi kulikuwa na vijiti vifupi vilivyokunjamana, na mshale. Leonard alisoma taratibu: "Plamu huzaa kwenye vijiti hivi vifupi, vilivyoachwa vikakomaa. Mkulima asivikate." Alisoma tena kimoyomoyo. Kisha akampa Kristina kitabu. Hakupenda kumwambia mtu kosa lake ikiwa karatasi inaweza kumwambia.

Kristina alitazama mchoro. Akatazama kisu. Akatazama ile miti mitatu misafi. Akakaa chini, pwaa, na kicheko kikamtoka mpaka machozi.

"Yesu na Maria! Miaka sita nimekuwa nikifagia matunda!"

Panga lilimponyoka mjomba kwa kucheka. "Nilisema mimi! Huyu, mzee, hata kuku wake anawaosha miguu!"

"Mchoro bado si ushahidi," alisema Leonard. "Ushahidi utakuwa huu mti mchafu. Msiuguse."

Mjomba aliufuta uso kwa kiganja, akauangalia mti wa nne. "Haya. Huu mmoja ukizaa kabla ya Krismasi, yote minne inabaki. Usipozaa, kabichi."

Kuanzia hapo kila Jumanne Kristina alileta habari kabla hajatua tenga. Macho ya matawi yamevimba. Maua yametoka, meupe, nyuki wamerudi kutembea. Matunda yameshika, madogo kama njegere. Yamekuwa kama gololi, bado mabichi.

Jumanne ya kwanza ya Desemba hakuja. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imepiga mlimani kwa upepo, na Leonard alipanga vitabu vyake mara tatu kwa siku moja.

Jumanne iliyofuata akaja mjomba Deogratias, ambaye hakuwa ameshuka mjini kwa miaka, kapu mkononi na viatu vya kanisani miguuni.

"Kristina yuko wapi?" Leonard aliuliza hata kabla ya salamu.

"Yuko juu ya mti, anagombana na ndege." Mjomba alifunua kapu. "Mvua imeangusha nusu. Zilizobaki, sehemu ndiyo hii, na nyingine watoto wanayo midomoni."

Plamu zilikuwa nyekundu za kuiva. Leonard aliuma moja, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, na mzee yule wa vipimo hakujifuta.

"Na miti?"

"Miti inabaki. Nilishasema." Mjomba alitoa kile kitabu cha matunda, alichoachiwa Kristina, ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani ya jalada, kwa penseli, Kristina alikuwa ameandika: "Tuta la mlimani. Mti mmoja kati ya minne. Mwezi wa tano tangu tuache kisu, tumeanza kula. Mwandishi anazijua plamu, mvua yetu haijui. Mjomba amekula kumi na saba."

"Kumi na nane," alisema mjomba. "Nimekula moja njiani."

Leonard alichukua penseli, akasahihisha. Mjomba, wakati huo, alikuwa tayari ameinamia meza.

"Sasa nitafutie cha njegere," alisema, akifunua jalada la kwanza na kulisogeza mbali na macho yake. "Lakini kiwe na tuta."