Gata la Nyumba Nne

Kitendawili, wajukuu! Mmesema nitege? Haya: mama wanne wameketi bega kwa bega, kinywa wanacho kimoja. Kimewashinda? Basi nipeni mji. Nipeni Newala!

Ni zile nyumba nne za mtaa wa zamani, zilizoshikana kuta, baraza yao moja ndefu. Mabati yote yanainamia mbele, na gata moja, mfereji wa bati, linapita chini yake toka nyumba ya juu mpaka ya mwisho, kwa Ethel, mama yake Lameck, ambako maji ya mvua yanaingia kwenye tangi la saruji. Wote huchota humo. Waliojenga walijua kwamba huku juu maji ni ya kutafuta. Ethel mwenyewe, usichanani, aliyafuata bondeni, akipanda na ndoo hadi shingo ikazama mabegani.

Sasa Shamte, wa nyumba ya tatu, akaezua. Anataka nyumba ya kisasa, paa la kuficha, lisiloonekana kwa mbele, maji yamwagikie nyuma. Gata likakatika katikati, na mawingu ya Novemba yale pale.

Ethel akamfuata.

"Shikamoo, Mama Lameck," Shamte akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mvua ikinyesha, maji ya wenzako wa juu yatapita wapi?"

Shamte akalitazama tofali alilolishika kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Umemeza ulimi?" Rukaiya, mkewe, akacheka toka jikoni. "Mama, muache. Hilo paa hata mimi kanificha!"

Ethel hakucheka. Akaligonga tangi, likalia tupu. Akafungua bomba, likakohoa upepo. Akazitoa ndoo zake kuukuu na kuzisugua, huku magoti yakimuuma kwa kukumbuka tu ule mlima.

Jumamosi akasikia nyundo. Akatoka, mkono kiunoni, tayari kwa ugomvi. Akaduwaa. Mabati mapya ya Shamte yalikuwa yameinamia mbele, sawa na ya wenzake, na fundi alikuwa akifunga kipande kipya cha gata, Shamte akimshikia ngazi. Kabla fundi hajashuka, mvua ikamwagika. Maji yakakimbia nyumba hadi nyumba, yakaanguka tangini kwa kishindo.

Ethel akaketi barazani puu, anacheka na machozi yanamtoka.

"We Shamte! Siku ile nilikuuliza, ukaninyamazia kama mgeni!"

Shamte akajipangusa uso uliolowa.

"Sikuwa na jibu, mama. Leo ninalo. Yatapita kwangu."