Kipande cha Ottavio

Alfajiri ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, Ottavio alishuka kwenye pango lililo chini ya nyumba yake, akapokewa na harufu ya kitu kilichochacha. Akafungua gunia. Maua ya njano aliyoyachuma mlimani yalikuwa yamegeuka rangi ya tumbaku.

Kosa lilikuwa lake. Aliyachuma baada ya mvua, na badala ya kuyatandaza kwenye sakafu baridi ya pango kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe, Assunta, aliyaacha guniani. Mgongo ulimuuma. Akajiambia atayatandaza kesho.

Tangu zama za babu yake, mtaa unaopanda kanisani umegawanywa vipande, na kila nyumba hutandika picha ya maua mbele ya mlango wake ili padri apite juu yake akiwa amebeba Ekaristi. Atakayeacha kipande chake kitupu, jirani anakichukua, na hakirudi tena. Na maua ya kuazima hayatandikwi.

Nje, Delfina wa nyumba ya pili alikuwa amepiga magoti, anamalizia njiwa wake wa petali nyeupe.

"Naisikia harufu mpaka huku, Ottavio. Umeficha mbuzi?"

"Maua yameoza."

Delfina akaacha kazi. "Yote?"

"Yote."

"Basi kapumzike, mzee. Magoti yako yanalia kuliko mlango wako. Mimi nitakitunza hicho kipande vizuri."

"Najua utakitunza. Umekikodolea macho tangu uolewe."

"Sasa nikatae kwamba nakitaka?"

Ottavio akakaa kizingitini. Kwa kweli alikuwa amechoka. Binti yake yuko Ujerumani, hakuja Pasaka na leo hatakuja. Angesema neno moja tu, angerudi kitandani, na asingeinama tena maisha yake yote. Akakitazama kipande chake. Hapo ndipo Assunta alipokuwa akipiga magoti kila mwaka, akimfokea kwamba mistari yake imepinda.

Akanyanyuka, akaliburuta gunia hadi nje.

Akayatandika maua vilevile yalivyo, tuta kwa tuta, na kati ya matuta akanyunyiza machicha ya kahawa. Likawa shamba lililolimwa, halijaota kitu.

"Linanuka," Delfina alisema.

"Shamba hunuka."

"Na mistari imepinda."

Ottavio akalikunja gunia tupu.

Kengele zikalia. Padri akapanda taratibu, akamkanyaga njiwa, akalikanyaga shamba, pua akaikunja kidogo, akapita. Nyuma yake watoto wakaachiwa kama ilivyo desturi, wakateremka mtaa mzima wakikimbia na kuyatimua maua, mpaka njiwa na shamba vikawa takataka moja.

Delfina akaleta mifagio miwili, akampa mmoja.

"Haya, umekibakiza."

"Nimekibakiza," Ottavio alisema. Akaanza kufagia, mgongo unamuuma, akiwaza kwamba mwakani itabidi apande tena mlimani.